Barabara tupu wakati wa korona, mbona watu waliendelea kufa?

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia hivi: "Kaka, salaam. Mume wangu ni dereva wa trela, anapiga Mombasa hadi Kampala na safari nyingine anapitiliza Kigali. Mwaka wa korona nilikuwa na hofu ya ugonjwa lakini kwa upande wa ajali nilipumua, nikasema barabara ni tupu, usiku kuna kafyu, matatu zimepungua, basi na vifo vitapungua. Juzi nikasikia mtu akisema Marekani watu walikufa zaidi barabarani mwaka huo huo waliojifungia ndani. Inawezekanaje? Kwetu ilikuwaje? Na ugonjwa mwingine kama ule ukija nimwambie nini mume wangu?"

Salaam dada, na ahsante kwa swali, maana hili watu wengi wanalipita tu wakidhani jibu liko wazi. Ulichosikia ni kweli kabisa. Marekani mwaka 2019 walikufa barabarani watu kama 36,000, mwaka 2020 wakafika karibu 39,000, na mwaka 2021 wakapita 42,000. Na huo mwaka 2020 watu waliendesha kidogo, mwezi wa nne peke yake safari za magari zilishuka karibu asilimia 40 ukilinganisha na mwezi kama huo mwaka uliotangulia, na ukichukua mwaka mzima kilomita zilizoendeshwa zilipungua kama asilimia 11. Yaani gari chache, kilomita chache, na maiti zaidi. Halafu cha kushangaza zaidi ni kwamba ajali zenyewe zilizoripotiwa polisi zilipungua, tena sana, kwa asilimia 22 hivi, na majeruhi wakapungua pia. Kilichoongezeka ni vifo tu.

Hapo ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu ukipaelewa hapo mengine yote yanajifungua yenyewe.

Sisi tumezoea kuiona jamu kama adui. Mtu anakaa saa mbili Changamwe au Mombasa Road ya Nairobi anatukana serikali. Lakini jamu ilikuwa inafanya kazi moja ambayo hakuna aliyeipanga, ilikuwa inatuzuia kukimbia. Ukigongwa kwenye jamu, gari iko spidi 15 au 20, bampa inapinda, mnashuka mnagombana, mnapiga picha, mnaenda zenu. Ni ajali, inaandikwa, lakini haimtoi mtu roho. Korona ilipowaondoa watu barabarani ilizifuta hizo ajali ndogondogo kwa maelfu, na ikaacha barabara pana, iliyonyooka, haina kitu mbele, na dereva mmoja mwenye mguu mzito. Sasa huyo akikosea, hapindi bampa.

Na spidi ina hesabu yake ambayo haina huruma. Kuna mtafiti wa Sweden, Göran Nilsson, alifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na hesabu aliyotuachia bado ndiyo tunayoitumia: wastani wa spidi ya barabara ukipanda kwa asilimia 1, vifo vinapanda kwa karibu asilimia 4. Sikiliza vizuri, sijasema moja kwa moja, nimesema moja kwa nne. Sheria yetu Kenya inampa mume wako mwisho 80. Kama malori yote ya barabara hiyo yakitoka 80 yakaenda 88, mtu ataona ni kitu kidogo, ameongeza nane tu, lakini kwa hesabu ile vifo vinakaribia kupanda kwa nusu. Sababu ni kwamba nguvu ya mgongano haifuati spidi yenyewe, inafuata spidi ikizidishwa kwa spidi, na juu yake unaongeza umbali gari inaokula kabla breki hazijashika. Na anayegongwa akiwa ni mtu wa miguu ndo kabisa, wale wa Shirika la Afya Duniani wanasema gari ikimgonga mtu kwa spidi 65 hatari ya kufa ni mara nne na nusu ya ile ya spidi 50. Tofauti ya 15 tu, ambayo kwenye dashibodi hata huioni.

Kwa hiyo barabara ilipokuwa tupu spidi ilipanda, na hili lilionekana kila mahali. Kuna watu Marekani wana mchezo wa siri wa kuendesha kutoka New York hadi California bila kulala, haramu kabisa, na katika majira yale ya mwaka 2020 rekodi yao ilivunjwa mara kadhaa, wakashuka chini ya saa 27 na baadaye chini ya saa 26, kwa sababu barabara ilikuwa yao peke yao. Hao ni wachache na ni wendawazimu, lakini wanaonyesha kile ambacho madereva wa kawaida nao walifanya kwa kiasi chao. Vifo vya ajali za spidi Marekani mwaka huo vilipanda asilimia 17, vya ulevi asilimia 14, na vya watu wasiofunga mkanda asilimia 14.

Ona hayo mawili ya mwisho, mkanda na pombe. Barabara kuwa tupu haimfungui mtu mkanda. Hapo kuna kitu kingine, nacho ni nani alibaki barabarani. Wale waangalifu, mama anayepeleka mtoto shule, mzee anayeenda kanisani au msikitini, karani wa ofisi, hao ndo walitii wakakaa nyumbani. Waliobaki nje ni wale waliolazimika kwa kazi, na wale ambao hata siku za kawaida hawajali. Kwa hiyo hata bila mtu yeyote kubadilika tabia, kundi la madereva lilibadilika. Ongeza na msongo wa mawazo, watu wamepoteza kazi, wamefiwa, wanakunywa mchana, na polisi wa trafiki nao wanaogopa kusimamisha magari kwa sababu ya ugonjwa, na nchi nyingi zikasitisha ule upimaji wa ulevi wa kupuliza kwenye mashine. Uganda kwa mfano operesheni ya kawunyemu, ndo jina la kipimo hicho kwao, ilisimama na ikarudi mwaka 2022. Dereva anajua hakuna wa kumpima, sasa atajizuia na nini?

Lakini usiondoke hapo ukadhani dunia nzima ilikuwa kama Marekani, kwa sababu haikuwa, na hapa ndo panaponipa mimi matumaini.

Umoja wa Ulaya mwaka 2020 ulipoteza watu kama 18,800 barabarani, pungufu ya mwaka uliotangulia kwa asilimia 17, yaani roho kama elfu nne ziliokoka. Uingereza nako vifo vilishuka kutoka 1,752 hadi 1,460. Ukiangalia kwa haraka unasema basi wao walikuwa watiifu. Sawa, ila safari za magari kwao zilishuka asilimia 21 na vifo vikashuka asilimia 17, maana yake kwa kila kilomita iliyoendeshwa hatari ilipanda kidogo hata kwao. Spidi iliwagusa na wao. Tofauti ni kwamba walipunguza safari kiasi kikubwa zaidi, na barabara zao tayari zina kamera, mizunguko, matuta, na spidi ya chini mijini, vitu ambavyo haviogopi korona na havihitaji askari asimame pale. India nayo ni hivyohivyo, vifo vilishuka mwaka 2020 lakini ukali wa ajali ukapanda, mwaka 2019 kila ajali 100 zilikuwa na vifo 33.7 na mwaka 2020 vikawa 36. Ajali chache, lakini kila moja ni mbaya zaidi. Na ukumbuke wale vibarua wa India walioachwa bila kazi wala usafiri wakaanza kutembea mamia ya kilomita kurudi vijijini, wengine wakagongwa barabarani na wengine wakafa wakiwa wamepanda malori ya mizigo. Hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu amri ya kufunga ilikuwa ya kuokoa watu na hakuna aliyefikiria hao watafikaje kwao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Afrika Kusini. Wao walifunga tarehe 27 mwezi wa tatu 2020, na wakafanya jambo ambalo nchi nyingi hazikuthubutu, walipiga marufuku kuuza pombe. Si baa tu, hata dukani. Marekani baa zilifungwa lakini maduka ya pombe yakabaki wazi na hata mikahawa ikaruhusiwa kukufungashia pombe uende nayo. Afrika Kusini hapana. Hospitali zao zikaona wodi za majeruhi zinapungua watu, ajali na visu na risasi vyote vikashuka, na siku pombe iliporuhusiwa tarehe 1 mwezi wa sita wodi zikajaa tena ndani ya siku chache. Wakafunga pombe tena mwezi wa saba, ikashuka tena. Ni kama mtu amefunga bomba akafungua, akafunga akafungua, na kila mara maji yanamjibu. Sisi watu wa utafiti huwa tunabishana miaka na miaka pombe inachangia kiasi gani, hapo jibu lilikuja lenyewe. Kwa mwaka mzima walitoka vifo 12,500 hivi mwaka 2019 wakashuka chini kidogo ya 10,000 mwaka 2020, halafu mwaka 2021 wakarudi palepale 12,500. Walirudi palepale, dada. Hakuna kilichobaki, kwa sababu kilichopunguza vifo kilikuwa amri ya muda, hakikuwa barabara wala gari.

Sasa twende kwetu, ndo ulichouliza hasa.

Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza katikati ya mwezi wa tatu 2020, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nairobi, na baadaye Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, huingii hutoki, Kilifi na Kwale mpaka mwezi wa sita, Nairobi na Mombasa mpaka mwezi wa saba. Matatu zikaambiwa zibebe pungufu, ile ya abiria 14 ikabeba 8. Kwa maelezo hayo mtu yeyote angeweka dau kwamba vifo vitashuka. Havikushuka. Mwaka 2019 walikufa watu 3,500 na kitu, 2020 wakakaribia 4,000, na 2021 wakapita 4,500. Hizo ni hesabu za serikali, na makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi zetu huwa juu zaidi mara kadhaa kwa sababu wengi wanaofia nyumbani au hospitali baada ya siku chache hawaingii kwenye daftari la polisi.

Kwa nini? Mimi nitakupa ninavyoliona baada ya kulifuatilia. Kwanza kafyu haikuondoa safari, iliisukuma ndani ya saa chache. Saa kumi na mbili jioni kila mtu anakimbia, mwenye gari, matatu, boda, mtu wa miguu anavuka mbio, wote wanaogopa kukutwa na askari. Umeshaona mwenyewe vile watu walivyokuwa wanaendesha ile nusu saa ya mwisho. Mwezi wa nne 2021 polisi waliziba Thika Road usiku baada ya saa ya kafyu watu wakakwama pale masaa, mpaka gari za wagonjwa, sasa mtu aliyepitia hiyo kesho yake ataendesha vipi? Ataendesha kama anayefukuzwa. Kafyu iliondoa usiku wa manane ambao kweli ni hatari, lakini ikatengeneza jioni mpya ya hatari.

Pili ni nauli. Matatu ikibeba nusu inapandisha bei, na watu hawana hela, kwa hiyo wakahamia kwenye boda au wakatembea. Ukimtoa mtu ndani ya bati ukamweka juu ya pikipiki, hata idadi ya safari isipobadilika, umebadilisha uwezekano wa yeye kufika. Na vijana waliopoteza kazi za hoteli huku Pwani na kazi za mjini, wengi wakachukua pikipiki wapate riziki, mtu hajawahi kuendesha, leseni hana, helmeti moja ya kubeba shingoni. Kwetu mtu wa miguu ndiye anayekufa zaidi kuliko kundi lingine lolote, akifuatiwa na wa pikipiki, na korona iliwaongeza hao hao wawili barabarani. Na watoto wengi walikuwa nyumbani tangu mwezi wa tatu mpaka shule zilipofunguka kikamilifu mwezi wa kwanza 2021, na kwetu kukaa nyumbani kwa mtoto ni kucheza kando ya barabara.

Linganisha na Uganda. Wao walikuwa wakali zaidi, mwisho wa mwezi wa tatu usafiri wa umma ulisimama, gari binafsi zikapigwa marufuku, boda ikaruhusiwa kubeba mizigo tu na haikubeba abiria tena mpaka mwishoni mwa mwezi wa saba. Vifo vyao vilishuka, kutoka 3,880 hadi 3,663. Umeona ilivyo ndogo? Miezi kadhaa nchi karibu imesimama na mwaka mzima umeokoa asilimia 6 tu. Maana yake nini, maana yake ni kwamba miezi iliyobaki ilirudisha kwa kasi. Na mwaka 2021 wakafika 4,159, mwaka 2022 4,534. Mnyororo huohuo wa Afrika Kusini, breki inaachiliwa na gari inaondoka kwa kasi kuliko ilivyokuwa.

Kuna upande mwingine ambao watu hawauoni, nao ni hospitali. Mtu akigongwa, kufa au kupona kunaamuliwa na saa chache za mwanzo, damu, oksijeni, chumba cha upasuaji, kitanda cha mahututi. Wakati wa korona vitanda hivyo na oksijeni vilikuwa vinagombaniwa. Damu nayo, kwetu sehemu kubwa inachangiwa na wanafunzi wa sekondari, shule zikifungwa benki ya damu inakauka. Na Uganda ilifika mahali kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari kulihitaji ruhusa ya mkuu wa wilaya, sasa fikiria mtu anavuja damu na wewe unatafuta kibali. Vifo vya namna hiyo vinaandikwa ajali, na ni kweli ni ajali, lakini aliyeua ni kuchelewa.

Sasa mume wako. Wakati ule madereva wa malori ndo waliokuwa wanaendelea kutembea nchi zote zikiwa zimefungwa, na ndo waliokuwa wanatupiwa lawama ya kusambaza ugonjwa. Waliolala Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakisubiri majibu ya vipimo wanajua, foleni ilifika makumi ya kilomita, mtu anakaa siku kadhaa kwenye kebini, choo hakuna, maji hakuna, na wenyeji wanaogopa hata kumuuzia chai. Rwanda ikataka dereva akabidhi gari mpakani kwa dereva mwingine. Halafu gari ikifunguliwa, tajiri anapiga simu mzigo umechelewa. Hiyo ndo saa mbaya kuliko zote za safari, na ningependa uichukue kwa uzito. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha vibaya sawa na mtu aliyekunywa mpaka pombe kwenye damu ikafika asilimia 0.05, na yeye mwenyewe hajisikii amelewa. Anatoka kwenye foleni akiwa hajalala vizuri siku tatu, anakuta barabara ya kuelekea Jinja haina mtu, anasema hapa ndo nifidie. Hapo una vitu vitatu pamoja, uchovu, barabara tupu na haraka.

Kwa hiyo ukija ugonjwa mwingine mwambie hivi. Akivuka mpaka baada ya foleni ndefu alale kwanza, hata saa tatu nne, ndipo aondoke, na kama tajiri atapiga simu basi aipokee akiwa ameegesha. Spidi yake iwe ileile ya siku za jamu, asiangalie barabara ilivyo, aangalie dashibodi. Mkanda afunge yeye na tanboi wake, hata kwa safari fupi ya kutoka yadi. Saa ile ya mwisho kabla ya kafyu ajitahidi awe ameshaegesha, maana wengine wote watakuwa wanakimbia na pikipiki zitakuwa zinaingia bila kuangalia. Na wiki za kwanza baada ya nchi kufunguliwa asizichukulie kama nafuu, hizo ndo wiki ambazo kila mtu anarudi barabarani akiwa amesahau kuendesha katikati ya watu, baa zinafunguliwa siku moja zote, na vijana wapya wa boda wako nje.

Na kwa wanaotunga amri, kama kuna anayesoma hapa, nawaomba mfanye tofauti na mwaka 2020. Wenzetu wengine waliutumia ule utupu. Paris waliifunga Rue de Rivoli kwa magari ya kawaida wakaipa baiskeli mwaka huo huo, Brussels wakashusha spidi ya karibu mji mzima kuwa 30 tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021, Hispania nao wakaweka 30 kwenye mitaa ya njia moja kila upande mwezi wa tano mwaka huo. Uingereza baiskeli ziliongezeka barabarani kwa asilimia 46 mwaka 2020, na vifo vya wapanda baiskeli vikaongezeka pia, kutoka 100 hadi 141, lakini ukigawa kwa kilomita hatari ya kila mmoja ilishuka kidogo. Kwetu hakuna haja ya mambo makubwa hivyo kwa kuanzia. Matuta na vivuko Changamwe, Mariakani, Mtito Andei na kila senta ambayo barabara kuu inapita katikati ya soko, mahali pa madereva kulala na kuoga Malaba na Busia, na kafyu ikitangazwa iwe na saa moja ya huruma ambayo mtu akikutwa njiani anaelekea nyumbani hakamatwi. Hiyo saa moja ingeondoa sababu ya kukimbia, na haigharimu hata shilingi.

Msalimie mzee, na kama yuko njiani leo muulize tu amelala saa ngapi jana.